Kupandisha boti ya faiba kwenye trela bila kuharibu tumbo

Inama uangalie chini ya boti yoyote ya faiba inayopanda na kushuka kwenye trela mara kwa mara. Utakuta mistari miwili imenyooka kutoka nyuma kwenda mbele, mmoja kulia kwa mkuku (ule uti wa katikati chini ya boti) mwingine kushoto, na sehemu nyingine imeshakula mpaka unaona nyuzi za faiba. Mwenye boti atakwambia alipiga mwamba. Mwamba gani huo unakwaruza sawasawa pande zote mbili? Hilo ni trela, tena trela lake mwenyewe, na wikiendi ijayo atapandisha vilevile.

Tuelewane kwanza ni nini kinachoharibika. Ile ngozi ya nje inayong'aa, jelikoti, ni nyembamba, kwenye boti nyingi ni kama nusu milimita hivi, na kazi yake sio urembo tu, ndo inayozuia maji yasiingie kwenye mati (vitambaa vya nyuzi za faiba) na resini, gundi inayozishika, ya ndani. Ikishachanika afu boti ikakaa majini muda mrefu maji yanapenya taratibu, baadaye unaona vipele vimeota tumboni, ukikitoboa kimoja kinatoa maji yana harufu ya siki. Na hiyo ni mikwaruzo tu, kuna kubonyea ambako ni kubaya zaidi. Boti ya futi 23 na mashine yake na mafuta inafika tani moja na kitu. Ikiwa majini uzito huo umetandazwa tumbo zima, ukiitoa ukailaza juu ya mbao mbili au rola kadhaa, uzito uleule unaenda pale tu panapogusa. Pakiwa pembamba au pamekaa vibaya, faiba inaingia ndani kidogo kidogo na wala huoni, mpaka siku unashangaa boti haishiki mwendo kama zamani.

Kwa hiyo mambo yote hapa chini yanarudi kwenye kitu kimoja: maji ndo yabebe boti mpaka ifike juu ya mahali pake. Winchi, ile ya kuzungusha kwa mkono mbele ya trela, ni ya kuisogeza hatua ya mwisho na kuishika isirudi, basi. Ukiona mtu anatoa jasho kwenye winchi ujue tumbo linasagwa muda huohuo.

Anza na trela likiwa kavu

Watu wengi wanakagua taa na tairi (sawa, kagua) lakini zile mbao za kulalia boti hawazigusi mwaka mzima. Pitisha kiganja juu ya kapeti la ubao, bonyeza kabisa, toka mwanzo mpaka mwisho. Unatafuta kichwa cha bolti. Ubao ukishakaa na maji ya chumvi unalainika na kapeti linaliwa, kichwa cha bolti ambacho zamani kilikuwa kimezama ndani ya ubao sasa kiko juu, na kinafunikwa na kitambaa tu kwa hiyo kwa macho hukioni, kwa mkono unakisikia. Hicho kitu kimoja kinachora mfereji tumboni urefu wa boti nzima. Toa kapeti, zamisha bolti upya au badilisha ubao, funga kapeti lingine, na kapeti lishikwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu upande wa chini na ubavuni, sio juu boti inapolala.

Afu mchanga. Kapeti linashika mchanga vizuri sana, na mchanga wa kwetu una vipande vya matumbawe na makombe ndani yake. Boti ikiteleza hapo ni msasa mtupu. Kabla ya kupandisha mwagia maji mbao zote, ukiwa na mpira wa bomba pale sawa, ukikosa chota na ndoo. Kapeti likilowa pia boti inateleza kirahisi, mbao kavu inang'ang'ania.

Mbao zenyewe zikae wapi? Ndani ya boti kuna mihimili inayopita kwa urefu chini ya sakafu, ndo mifupa yake. Mbao za trela zinatakiwa zikae chini ya mihimili hiyo au karibu nayo, sio katikati ya mihimili miwili ambapo ni faiba tupu. Gonga tumbo kwa vifundo vya vidole ukisogea taratibu, penye mhimili mlio unakuwa mzito mfupi, pasipo na mhimili panalia wazi. Weka alama kwa chaki, pima, sogeza mbao. Na mwisho wa mbao nyuma ufike mpaka shetri, pale mashine inapofungwa. Boti ikining'inia nyuma hata futi moja tu nje ya mbao, na mashine ya kilo 180 au 200 iko palepale, tumbo linapinda mwishoni na likishapinda boti inakuwa inachimba pua kila ukiongeza mwendo. Fundi atakuuzia propela mpya weee, tatizo liko kwenye trela.

Trela la rola linapandisha kirahisi zaidi ila linagusa sehemu chache, kwa hiyo kila rola iwe inazunguka kweli. Izungushe kwa mkono moja moja. Mpira mweusi ukikaa juani miaka kadhaa unakauka, unakuwa mgumu na unapasuka, na rola iliyoshika kutu haizunguki, inakwaruza tu. Kabadilishe, bei yake ukilinganisha na kazi ya faiba ni kitu kidogo.

Mwenye boti ya alumini kuna jambo la kuangalia: mbao zilizopikwa dawa ya kuzuia mchwa, nyingi zina shaba, na shaba na alumini na maji ya chumvi havikai pamoja, bati linaanza kutoboka vitundu. Tumia mbao isiyo na dawa hiyo au vifuniko vya plastiki juu ya mbao. Na kama ni boti ya mbao, mashua ndogo au dingi ya zamani, hesabu inageuka kabisa, uzito wote ukae kwenye mkuku juu ya rola za katikati, mbao za pembeni ziwe za kuishika isianguke tu. Ukiilaza kwa mbavu zake unafungua maungio ya mbao na kalafati yote, ile pamba inayoziba maungio, inatoka.

Maji na saa

Kwa sisi wa pwani hapa ndo kazi inapoharibika au kunyooka. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar au Mombasa yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na nusu ya hiyo inatokea kwenye masaa mawili ya katikati, saa la tatu na la nne tangu yaanze kujaa au kupwa. Yaani ukiwa unahangaika na winchi saa hizo, trela uliloweka vizuri dakika 20 zilizopita sasa liko kavu, au limezama mpaka huoni mbao. Pandisha maji yakiwa yamejaa au karibu na kujaa, pale yanaposimama kidogo. Ukiweza pandisha yakiwa bado yanamalizia kujaa, maana boti ikikwama maji yataongezeka na kuinyanyua, yakiwa yanakupwa ikikwama ndo imepwelewa, utakaa nayo hapo mpaka maji yarudi, na imelala kwa ubavu juu ya chuma.

Sasa mtego uko hapa. Maji ya bamvua kwetu yanajaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Alfajiri ni giza. Jioni ndo upepo uko juu, kusi likivuma Julai huko au kaskazi la Januari, yote yanakuwa na nguvu mchana kwenda jioni. Kwa hiyo maji mengi kabisa yanakuja na upepo mbaya kabisa wa kupandishia boti. Mimi nashauri usubiri siku tatu nne baada ya bamvua. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hizo yanajaa kwenye saa moja au saa mbili asubuhi, kuna mwanga, bahari imelala, na bado kina kinatosha. Maji mafu kabisa, yale ya nusu mwezi yasiyojaa sana, epuka kama mteremko wenu wa zege wa kupandishia boti ni mfupi, hayafiki juu, utalazimika kushusha gari mpaka kwenye utelezi.

Na mteremko wenyewe uujue maji yakiwa yamekupwa. Nenda siku moja maji yakiwa chini, tembea mpaka mwisho wa zege. Mingi inaishia na ngazi ya ghafla, au kuna shimo limechimbwa na propela za watu wanaopandisha kwa mashine, na mbele ya shimo kuna tuta la mawe na mchanga. Tairi la trela likidumbukia hapo boti inapigwa chini na chuma cha nyuma. Ukishajua mwisho uko wapi weka alama ukutani au kwenye nguzo, usivuke hapo. Angalia na chaza walioota kwenye kingo za zege, wale wanakata faiba na miguu vilevile, vaa viatu.

Wa ziwani, Mwanza na Kisumu, hamna habari za kujaa na kupwa, ila mna mawe, na kina cha ziwa kinabadilika mwaka hadi mwaka kwa hiyo alama ya miaka mitatu iliyopita usiiamini.

Kabla boti haijasogea

Toa maji ya ngama yote, yale yaliyokusanyika chini ndani ya boti. Lita 200 ni kilo 200, na maji hayakai sehemu moja, boti ikianza kupanda mteremko yote yanakimbilia nyuma kwenye shetri. Toa samaki, barafu, mitungi ya mafuta ya ziada, watu. Nanga iwe ndani na imefungwa, kuna watu wanapandisha nanga inaning'inia mbele inagonga ubavu kila wimbi. Mashine inyanyuliwe kiasi cha propela kutogusa chini.

Trela nalo, kama limetoka mbali barabarani, liache lipoe kwanza. Habu, kile kitovu cha gurudumu chenye beringi, ikiwa ya moto ukiichovya kwenye maji baridi inanyonya maji ndani, beringi zinaharibika, na beringi ikifa njiani boti inaanguka upande mmoja. Hilo nalo ni tumbo.

Kina cha kuzamisha

Trela la mbao: zamisha mpaka mbao zote zilowe, kisha vuta mbele taratibu mpaka theluthi ya mbele ya mbao iwe nje ya maji. Hapo nyuma kuna kina cha kuiingiza boti bila kugusa, mbele kuna sehemu ya kuishika. Trela la rola halitaki kina kirefu hivyo, rola zenyewe zitafanya kazi.

Kina kidogo kila mtu anajua ubaya wake, unaburuza. Kina kikizidi watu wanadhani ndo raha, boti inaelea tu mpaka mbele unafunga winchi unaondoka, kumbe inaelea juu ya mbao haijakaa, nyuma inapepea na mawimbi, ukianza kuvuta gari inashuka popote ilipo. Shetri inatua juu ya madigadi au ubao unashika nje ya mhimili. Ukishapata kina chako sahihi kwa mteremko huo, chukua rangi upige alama kwenye madigadi pale maji yalipofika. Nguzo mbili za kusimama nyuma ya trela, bomba za plastiki tu juu ya chuma, zinasaidia sana, kwanza unaona trela lilipo likiwa limezama, pili boti haiwezi kukaa upande.

Kuingiza

Gari kwenye gia, hendibreki juu, jiwe au kipande cha gogo nyuma ya tairi. Kamba mbili, moja mbele moja nyuma, watu wawili. Upepo au mkondo ukitoka pembeni, mwenye kamba ya nyuma akae upande unakotoka, ndo atakayeizuia isisukumwe. Ingiza boti imenyooka na trela, na kama haijanyooka iondoe nje uanze tena, usiinyooshe ikiwa imeshapanda nusu, hapo unaikata kwa ukingo wa ubao.

Usipandishe kwa mashine. Najua vijana wanapenda, wanapiga gesi boti inaruka mpaka mbele inagonga kizuizi kwaa! Mbali na kuchimba lile shimo nililosema, propela inarusha mchanga na mawe, pua inapigwa, na boti inapanda kwa nguvu kavu badala ya kuelea. Mashine itumike kufika kwenye mlango wa trela polepole, kisha zima, nyanyua, kamata kamba.

Funga mkanda wa winchi kwenye pete ya chuma ya mbele na uzungushe. Nusu mita ya mwisho hivi ndo iwe ya winchi. Ikiwa nzito kuliko hapo usiongeze mtu wa pili kwenye mkono wa winchi, rudisha trela nyuma sentimita 30, zungusha tena, utaona inakuja kwa mkono mmoja. Mpira wa kizuizi mbele uguse pua vizuri. Na hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa mkanda, mkanda uliokaa juani ukikatika unarudi na ndoano yake usoni. Mkono usiingie kati ya boti na trela hata kidogo, wimbi dogo tu linatosha kukuvunja vidole.

Kuvuta, na kusimama njiani

Hapa ndo hatua inayorukwa kuliko zote. Vuta gari mita moja au mbili, mpaka boti ianze kutua lakini nyuma bado iko majini, afu simama. Mtu mmoja azunguke nyuma aangalie: mkuku uko katikati? Nafasi kati ya boti na madigadi ni sawa kulia na kushoto? Mbao zimegusa pande zote? Nimeona boti imetoka majini imelalia madigadi la kushoto, kijana wa kamba anapiga kelele "kapteni simama, simama kapteni", kapteni kafungua redio kubwa, na akaiburuza mpaka juu kwenye sementi. Madigadi lile la bati liliacha mkato wa kama kiganja kimoja juu kidogo ya mstari wa maji, na wakiwa pale juu hakukuwa na namna ya kuinyanyua, ikabidi irudi ikiwa imepasuka. Ukiona imekaa upande rudi majini. Inachukua dakika mbili. Kuisukuma kwa mabega ikiwa nusu nje ni kuisaga tu, na mgongo wako juu.

Ikiwa sawa, panda mteremko kwa mwendo mmoja bila kukatakata.

Juu, toa kizibo cha nyuma maji yote yatoke kabla hujaenda barabarani, na kizibo ukiweke kwenye funguo za gari usikisahau siku ya kushusha. Kaza mikanda miwili nyuma, kutoka pete za shetri kwenda kwenye trela, na mnyororo wa usalama mbele pamoja na winchi. Watu wanafunga mbele tu wanaondoka. Ukikutana na yale matuta ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi boti inaruka nyuma na kutua, inaruka na kutua, kila tuta ni nyundo tumboni. Ikifungwa nyuma inaruka pamoja na trela, springi ndo zinakula mshtuko. Kaza mpaka isicheze, usikaze mpaka faiba inalia. Mashine ipate mti wa kuiegemeza kati yake na trela, isining'inie kwa haidroliki zake. Simama baada ya kilomita chache ukaze tena, mikanda hulegea mwanzoni.

Nyumbani osha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, boti, mbao na breki za trela. Ikikaa wiki kadhaa pua iwe juu na kizibo nje, mvua isije ikajaza ndani, maana boti iliyojaa maji ya mvua juu ya trela ni uzito ambao zile mbao hazikuwahi kupangiwa.

Kukagua tumbo

Kila baada ya safari chache lala chini na tochi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, usipokwama utang'arishwa tu, ukikwama jelikoti imechanika na inahitaji kuzibwa. Nyufa ndogo zilizotawanyika kutoka sehemu moja zinaonyesha kitu kimesukuma hapo, angalia chini yake kuna nini kwenye trela. Gonga na mpini wa bisibisi kuzunguka nyufa hizo, pakilia wazi faiba imeachana ndani na hiyo sio kazi ya rangi.

Kuziba, usikubali puti ya magari chini ya mstari wa maji, inanyonya maji na itaanguka yenyewe. Iwe epoksi au resini ya boti na mati, na kabla ya hapo pakunwe, paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi kutoa chumvi ya bahari, paachwe pakauke siku kadhaa. Fundi akikwambia ataziba leoleo na boti imetoka majini asubuhi, mlipe chai yake aende.